Jacques Tati: Mchekeshaji Aliyejenga Mji Ili Tucheke

Ndugu msikilizaji, wengi wetu tumemwona kwenye televisheni yule Mwingereza, Mr. Bean, ambaye hasemi neno la maana lakini watoto na wazee huangua kicheko. Mwigizaji wake, Rowan Atkinson, amepata kueleza kwamba alipokuwa kijana aliona filamu ya Mfaransa mmoja, na filamu hiyo ikamwonyesha njia. Mfaransa huyo ni Jacques Tati. Wiki hii nataka tumjue, kwa sababu kisa chake kinatufunza jambo kuhusu kicheko, na jambo chungu zaidi kuhusu deni.

Jina lake la ukoo lilikuwa Tatischeff, kwa kuwa upande wa baba alikuwa na asili ya Urusi. Alizaliwa tarehe 9 Oktoba, 1907, huko Le Pecq, nje kidogo ya Paris. Babu yake mzaa mama alikuwa na biashara ya kutengeneza fremu za picha, na kijana aliwekwa ajifunze kazi hiyo. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye raga. Alichezea klabu ya Racing ya Paris, na mechi zilipokwisha aliwavunja mbavu wenzake kwa kuigiza yaliyotokea uwanjani.

Katika miaka ya 1930 mzaha huo ukawa kazi. Alipanda majukwaani akaigiza wanamichezo bila mpira, bila raketi na bila farasi. Kwa kiwiliwili chake kirefu aliweza kuwa farasi na mpanda farasi kwa wakati mmoja. Mwaka 1936 mwandishi mashuhuri Colette alimsifu gazetini kwa kipaji hicho.

Baada ya vita akageukia kuongoza filamu. Ya kwanza ndefu, Jour de fête, aliipiga mwaka 1947 katika kijiji cha Sainte-Sévère, ikaonyeshwa mwaka 1949. Tati mwenyewe ni mgawa barua wa kijijini anayetembelea baiskeli. Siku ya gulio na sherehe anaona sinema inayosifu kasi ya posta ya Marekani, basi naye anataka kwenda mbio vivyo hivyo, na kijiji kizima kinakoma. Ilikusudiwa iwe filamu ya rangi, lakini mtindo mpya wa rangi aliouamini ulishindikana kusafishwa. Kilichomwokoa ni kamera ya pili ya nyeusi na nyeupe aliyoiweka kando kama akiba. Watu waliiona kwa rangi mwaka 1995, baada ya binti yake, Sophie, kushughulikia kuifufua.

Hapo ndipo nawaomba wasikilizaji mtege sikio, kwa sababu sifa kubwa ya Tati ni sauti. Sisi wa redio tunajua kwamba vifuu viwili vya nazi vikigonganishwa mezani huwa farasi anayekimbia. Tati alifanya kazi kwa akili hiyo hiyo. Alipiga picha kwanza, kisha akaingia studio na kutengeneza upya sauti moja moja: hatua za viatu, mlango, kiti, glasi. Maneno ya watu aliyafanya kuwa uvumi tu, kama mazungumzo ya mezani kwa jirani. Kinachochekesha ni kile kinacholia.

Tazama Les Vacances de Monsieur Hulot ya mwaka 1953, ambamo alimzaa Bwana Hulot, mtu mrefu mwenye kofia, kiko mdomoni na mwendo kama anayetaka kuanguka mbele. Filamu inapoanza, kipaza sauti cha stesheni ya treni kinatoa tangazo lisiloeleweka hata neno moja. Abiria wanakimbilia jukwaa hili, kumbe treni inaingia jukwaa jingine. Hakuna aliyepigwa wala kuteleza kwenye ganda la ndizi. Ni sauti mbovu tu na watu watiifu, na kila aliyewahi kusubiri chombo cha usafiri anajua uchungu wake.

Mwaka 1958 ikaja Mon Oncle, filamu yake ya kwanza kutoka katika rangi. Hulot anaishi mtaa wa zamani wenye soko na majirani. Dada yake na shemeji yake wanaishi katika nyumba ya kisasa ambayo kila kitu kinaendeshwa kwa kubonyeza. Bustanini kuna samaki wa chuma anayerusha maji, lakini bibi wa nyumba humwasha pale tu anapokuja mgeni wa kuonewa fahari. Filamu hiyo ilipata tuzo maalumu ya majaji huko Cannes, na mwaka uliofuata ikanyakua Oscar ya filamu bora ya kigeni.

Mtu mwingine angebaki hapo. Hulot alikuwa anapendwa, na kilichotakiwa ni Hulot tena na tena. Tati hakutaka. Aliamini kwamba mchekeshaji si mtu mmoja aliye katikati ya picha. Kila mpita njia ana kituko chake, mradi mtazamaji aachiwe nafasi ya kukiona. Kwa hiyo katika Playtime alipiga picha kwa mbali, kwenye filamu pana ya milimita 70, bila kumsogezea mtu uso. Hulot akawa mmoja tu katika umati. Wamo hata watu wanaofanana naye kwa nyuma, ukadhani umempata kumbe siye.

Kwa filamu hiyo alihitaji mji wa vioo na chuma, naye akaujenga. Pembezoni mwa Paris kulisimama majengo, barabara na taa, yenye mtambo wake wa umeme, na baadhi ya majumba yaliweza kusogezwa. Watu waliuita Tativille. Dhoruba iliharibu sehemu yake, fedha zikaisha, kazi ikasimama na kuanza tena. Ilianza mwaka 1964, na filamu ikafika kwa watu Desemba 1967.

Ukiiona utaelewa alikuwa anatafuta nini. Hulot anamsubiri ofisa katika jengo la ofisi. Tunamwona ofisa akitokea mwisho wa ujia mrefu, tunasikia viatu vyake ko, ko, ko, na Hulot anataka kusimama, anaambiwa bado. Viatu vinazidi kuja, sisi tunacheka, na hapo hapo tunajikumbuka tulipokaa kwenye benchi la ofisi fulani. Baadaye, mkahawani, mlango wa kioo unavunjika. Bawabu anabaki na kishikio mkononi, anaendelea kuwafungulia wageni mlango usiokuwapo, nao wanapita kwa heshima zote.

Watazamaji wa kutosha hawakuja. Kumbi zenye mitambo ya filamu pana vile zilikuwa chache, na wengi walikuwa wakimtafuta Hulot wao wasimwone. Tati alikuwa ameweka rehani mali yake pamoja na haki za filamu zake za nyuma. Mwenye haki ndiye anayeamua filamu ionyeshwe wapi na mapato yaende kwa nani; ukiziweka rehani, umeweka rehani hata kazi uliyoimaliza zamani. Mji ulibomolewa. Nyumba ya familia ikauzwa. Alipata kutengeneza Trafic mwaka 1971 na Parade mwaka 1974, lakini kampuni yake ilifilisiwa, na kwa miaka kadhaa filamu zilizompa jina hazikuwa mali yake tena.

Mwaka 1977 Wafaransa walimpa tuzo ya heshima ya César. Alifariki Paris mwezi Novemba, 1982, akiwa na umri wa miaka 75. Mwaka 2022, jarida la Uingereza la Sight and Sound lilipowauliza wahakiki wa dunia filamu bora za nyakati zote, Playtime ilishika nafasi ya 23.

Wapo watakaosema alikuwa mjinga wa hesabu, na mkopeshaji yeyote atakubaliana nao. Mimi nasema tuyatenganishe mambo mawili. Kuthubutu hakukuwa kosa. Bila kuthubutu tusingekuwa na Playtime. Kilichomuumiza ni kuifunga kazi ya jana kwenye deni la leo, kiasi kwamba moja ilipoanguka zilianguka zote. Msanii yeyote anayetiwa kalamu mkononi asaini mkataba na aulize kwanza: ni kipi ambacho hakimo katika karatasi hii, nitakachobaki nacho mambo yakiharibika?

Nanyi wasikilizaji, mkiipata filamu yake mojawapo, itazameni na masikio yakiwa wazi. Hadi wiki ijayo, kwaherini.