Sura ya Nne: Usisimame Mtoni

Anayejiandaa kushuka mto wenye maporomoko kwa mara ya kwanza huwa na hofu mbili: kurushwa nje ya boti, na yale mawimbi meupe yanayonguruma. Si vibaya kuogopa, ila hofu hiyo imekaa mahali pasipo pake. Kwa aliyevaa jaketi la kujiokolea, wimbi kubwa kwenye maji ya kina humlowesha, humtikisa, kisha humpitisha. Cha kuogopwa ni kitu kisichosogea: jiwe lenye ufa, mti ulioangukia mtoni, nguzo ya daraja. Na zaidi ya vyote hivyo, mguu wako mwenyewe unapotafuta pa kukanyaga.

Aliyekulia pwani itambidi aiweke bahari kando kwanza. Baharini wimbi husafiri, na maji hubaki karibu palepale yakipanda na kushuka. Mtoni wimbi husimama mahali pamoja kutwa nzima, na maji ndiyo yanayopita ndani yake. Maji yaliyoteremka kwa kasi hukutana na maji ya polepole, hukosa nafasi, hupanda juu. Kwa kuwa sakafu ya mto haijahama, wimbi nalo halihami, na nahodha anaweza kukuambia kabla hamjaingia majini ni wapi litawapiga, mradi kiasi cha maji hakijabadilika. Weupe wake ni hewa. Maji yakivunjika humeza viputo visivyohesabika, na kila kiputo huutawanya mwanga kila upande, rangi zote kwa pamoja, hata jicho likaona nyeupe tupu. Mwili wako unahusika hapa: povu ni jepesi kuliko maji, kwa hiyo jaketi lililokubeba vizuri kwenye maji tulivu litakubeba kidogo tu ndani ya povu. Utazama zaidi ya ulivyotarajia, kisha utaibuka. Vuta pumzi bondeni, kati ya wimbi na wimbi, maana kileleni maji hukuvunjikia usoni.

Mahali pazuri pa kujifunzia haya Afrika Mashariki ni mto Nile chini ya mji wa Jinja, Uganda. Ziwa Viktoria huulisha mwaka mzima, na mabwawa ya umeme huamua kiasi kinachoachiliwa. Kiasi chenyewe ni mamia ya mita za ujazo kila sekunde, na ziwa likijaa hupita elfu moja. Kila mita moja ya ujazo ni tani nzima ya maji. Hata hivyo mto ni mpana, una kina, maji yake ni vuguvugu, na poromoko likiisha aghalabu hufuatwa na maji mapana yaliyotulia. Ukirushwa nje, mkondo wenyewe hukufikisha kwenye utulivu huo, na mtu wa kayaki huja kukuchukua.

Mto huo umepunguzwa. Maporomoko ya Ripon, ambayo John Hanning Speke aliyafikia mwaka 1862, yalizama bwawa la Owen Falls lilipojengwa na kuzinduliwa mwaka 1954. Bujagali, mahali patakatifu kwa Wabasoga, pamefunikwa na bwawa lililokamilika mwaka 2012. Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, likafunika kipande kingine huko chini. Uganda inahitaji umeme, wala sibishani na hilo. Lakini poromoko lililozama ni hasara halisi, na kijana anayeshuka Nile leo anastahili kujua kwamba sehemu aliyoachiwa ni mabaki.

Tana, pale Sagana nchini Kenya, una tabia nyingine. Maji yake hutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, mto ni mwembamba, mawe yako karibu na uso wa maji, na mvua huweza kuubadilisha usiutambue ule wa jana. Huko kuujua mkao wa mawe kuna maana zaidi kuliko ubingwa wa kuogelea.

Mkao huo husomwa juu ya maji. Ukitazama kutoka upande wa juu, ulimi wa maji laini uliochongoka kuelekea unakokwenda mto ni mlango: maji yamebanwa kati ya mawe mawili, na katikati pana kina. Ncha ikikuelekea wewe, hapo pana jiwe na maji yanagawanyika kulipisha. Nyuma ya jiwe kubwa maji hugeuka yakarudi juu ya mto kujaza pengo, na boti huweza kutua hapo wapigaji makafi wakapumzika. Jiwe likiwa limefunikwa kidogo tu, maji huliruka, huanguka nyuma yake na kuchimba shimo, kisha ya juu huzunguka kurudi shimoni. Shimo kubwa huweza kushika boti na watu wake. Maji yanayotoka humo hupita chini na pembeni, basi na njia yako ya kutoka iko huko.

Sasa mguu. Umeanguka, maji yamefika mapajani tu, na kila msuli unakuambia simama. Usisimame. Mguu ukiingia kati ya mawe mawili, mkondo utausukuma mwili mbele hali mguu umebaki, nawe utalala kifudifudi chini ya maji usiweze kujiinua. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne, na hakuna mtu mwenye misuli ya kushindana na hesabu hiyo. Jaketi nalo halifui dafu mguu ukishanaswa. Kwa hiyo lala chali, miguu mbele kuelekea unakokwenda mto, vidole vionekane juu ya maji, magoti yamekunjwa kidogo yapokee mawe. Subiri maji yapungue hadi makalio yaguse chini, ndipo uinuke.

Kuna hali moja inayoigeuza kanuni hii. Mti ulioangukia mtoni hufanya kazi ya chujio la chai: maji hupita, wewe hubaki. Ukiona huwezi kuukwepa, geuka kifudifudi, ogelea kwa nguvu kuuelekea kichwa kikiwa mbele, na ufikapo jirushe juu ya shina. Ukiufikia kwa miguu utavutwa chini ya matawi. Ningependa kila anayelipia safari afanyishwe zoezi hili kwenye maji tulivu kabla ya kuingia porini mwa mto.

Ndani ya boti, kafi lako ni usukani na pia ni mshiko. Boti inayokwenda kasi sawa na mkondo haiongozeki. Lazima iende haraka kuliko maji au polepole kuliko maji, na ndiyo sababu nahodha aliye tezini hupaza sauti mpige mbele wakati hasa mnapotaka kuacha makafi mshike kamba. Anayepiga kafi akiwa ameuingiza ubapa majini huwa imara kuliko anayeliinua hewani. Kiganja kisitoke kwenye kichwa cha kafi: kikiachwa huru huvunja meno ya jirani. Amri ya kuchutama ikitoka, chutama bila kuuliza.

Mito hupimwa kwa madaraja sita. La kwanza ni maji mepesi, la sita halipitiki pasipo kuhatarisha uhai. Daraja la tatu linamtosha mgeni. Nile ina hatari nyingine, isiyoonekana wala kunguruma: kichocho, ugonjwa wa minyoo. Wiki kadhaa baada ya safari nenda hospitali upimwe na upewe prazikwanteli, maana dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa na haifanyi kazi vizuri kwa michanga.

Ukifika Itanda, kwenye maporomoko ya Nile, boti za wageni hutolewa majini na kubebwa nchi kavu kulipita poromoko la juu. Watu wengi hupiga picha hapo na kuendelea. Kaa kidogo ukingoni. Tafuta ulimi, tafuta shimo, tafuta maji yanayorudi nyuma ya mawe, kisha muulize nahodha angepita wapi kama ingebidi, na kwa nini ameamua asipite.