Mbio ndefu kabla ya mashindano: kuvumilia, na kujua pa kusimama



Hapa Mitwaba mvua inapokatika na barabara ya udongo kukauka, vijana wetu huanza kukimbia asubuhi na mapema kujiandaa kwa mashindano ya sikukuu ya 30 Juni. Baridi ya wakati ule inawafaa. Na kila mwaka swali ni lile lile: siku mwili unapokataa katikati ya mazoezi, tuendelee ama tuache? Wengi wanawajibu upesi, "Vumilia tu." Jibu hilo ni nusu, na nusu iliyobaki inaweza kuokoa mguu wa kijana, pengine na uhai wake.

Tuanze na sababu ya mazoezi hayo mazito. Chakula chetu cha wanga, yaani bukari, mihogo na viazi vitamu, huwekwa akiba katika misuli na katika ini. Kwa mtu anayekimbia marathoni, yenye kilomita 42 na mita 195, akiba hiyo mara nyingi huelekea kuisha karibu na kilomita ya 30. Hapo miguu inakuwa kama magogo, hata kama moyo bado unataka. Mbio ndefu za mazoezi zinaufundisha mwili kutunza akiba ile na kutumia mafuta zaidi. Zinafundisha akili pia: aliyekwisha kuonja uzito ule hatashtuka akikutana nao siku ya mashindano.

Lakini mwili haupati nguvu wakati ule ule wa kukimbia. Mbio inauchosha na kuichanachana misuli kidogo. Nguvu zinakuja baadaye, katika usingizi na chakula. Asiyelala na asiyekula baada ya mbio ngumu ametoa jasho bure. Na tuseme ukweli: kijana aliyesukuma baiskeli yenye magunia ya makala mchana kutwa, ama aliyetoka kulima, amekwisha kufanya mazoezi mazito siku hiyo. Asiongezewe mengine jioni.

Katika mahubiri ya vijana mara nyingi tunasikia habari za John Stephen Akhwari wa Tanzania. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, mji ulio juu zaidi ya mita 2,200, alianguka akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda. Zaidi ya saa moja baadaye Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji, akamaliza wa mwisho kati ya watu 57 waliofika. Ni habari nzuri, nasi tunaipenda. Ila ni habari ya siku ya mashindano. Siku hiyo hakuwa na mbio nyingine ya kujitunzia. Yote aliyojiandalia yalikuwa pale. Kijana anayeiga goti la Akhwari katika mazoezi ya Jumanne anaharibu mashindano ambayo bado hayajafika. Wachache wanajua kwamba Akhwari alipona akarudi, na mwaka wa 1970 huko Edinburgh alikuwa wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5.

Kwa siku za mazoezi tutazame Kaptagat, kule Kenya, ambako Eliud Kipchoge amefundishwa kwa miaka mingi na mwalimu wake Patrick Sang. Huyu ndiye aliyekimbia marathoni mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kambi yenyewe haina anasa: wakimbiaji wanasafisha wenyewe, wanakula ugali, ndiyo bukari yetu, na Kipchoge anaandika mazoezi yake katika daftari. Siku ya Alhamisi wanakimbia mbio ndefu, kilomita 30 ama 40, wakiwa kundi. Kundi ni msaada mkubwa: mmoja akilegea, mwendo wa wenzake unambeba. Lakini Kipchoge mwenyewe amesema mara nyingi kwamba katika mazoezi hatoi nguvu zake zote. Hata siku ngumu anatoa kama asilimia 80. Zinazobaki ni za siku ya mashindano. Na mwaka wa 2024, katika Olimpiki ya Paris, mgongo ulipomuuma, yeye aliyekuwa bingwa mara mbili alitembea, kisha akaacha baada ya kilomita 30 hivi. Hatuoni aibu yoyote katika kuacha kule.

Basi tunawezaje kutofautisha? Uchovu wa kawaida unaenea katika miguu yote miwili, na ukipunguza mwendo unapungua nao. Huo uvumilie: fupisha hatua, legeza mabega, usihesabu kilomita zote zilizobaki, chagua mti ulio mbele, ukiufikia chagua mwingine. Jeraha ni kitu kingine. Linauma mahali pamoja, upande mmoja, linazidi kadiri unavyokwenda, na linakufanya uchechemee. Hapo simama, rudi kwa kutembea. Tena usimeze kidonge cha maumivu ili uendelee, kwa sababu unazima sauti inayokuonya.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuchanganyikiwa, ama mkojo wenye rangi nyeusi kama chai kali: hayo si mambo ya kuvumilia hata dakika moja. Ni ya kituo cha afya. Vivyo hivyo homa. Kwetu homa mara nyingi ni malaria, na mwenye homa hakimbii, hata kama mashindano ni kesho na kutaniko lote linamngoja. Wazazi na viongozi wa vijana, tunawasihi msimame imara hapo, kwa maana kijana mwenyewe ataficha.

Wengine watatukumbusha mtume Paulo, aliyewaandikia Wakorintho juu ya mbio na taji. Watu wale walimwelewa vizuri: michezo ya Isthmia ilifanyika karibu na mji wao kila baada ya miaka miwili. Lakini mwanariadha anayemtaja ni mtu wa kiasi katika mambo yote, na kiasi kinaingia hata katika bidii.

Mbio ndefu ya mwisho iwekwe wiki mbili ama tatu kabla ya marathoni. Kwa mbio fupi za kilomita 10, siku kumi zinatosha. Baada yake punguza umbali, ukiacha mwendo wa haraka kidogo tu ili miguu isisahau. Katika wiki ya mwisho kijana atasikia nguvu nyingi mwilini na kutamani kujipima. Asijipime. Alale mapema, ale bukari yake, anywe maji safi, na viatu vya siku ile viwe vile alivyokwisha kuvizoea.