Mtawa wa Edneer na Katiba ya India

Mtu wa Mrima akifika Kasaragod, kaskazini kabisa mwa jimbo la Kerala, hatajiona mgeni sana: minazi, mipopoo, bahari upande wa magharibi. Karibu na mji huo, mahali paitwapo Edneer, pana nyumba ya watawa wa Kihindu. Hapo ndipo ilipotoka mojawapo ya kesi mashuhuri zaidi katika historia ya India, na chanzo chake kilikuwa mashamba.

Ugomvi wenyewe ni mkongwe. Mwaka 1793 Waingereza waliwapa makabaila wa Bengal na Bihar kazi ya kutoza kodi. Kabaila huyo aliitwa zamindari, yaani mshika ardhi kwa Kiajemi. Fungu la serikali liliwekwa lisibadilike milele. Alichowakamua wakulima zaidi ya hapo kilikuwa chake. Wazee wa Bukoba, walioijua nyarubanja, ukabaila wa ardhi wa kwao, hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Baada ya uhuru, chama cha Congress kiliahidi kuwaondoa makabaila hao. Lakini Katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950 ilikuwa imeiweka mali miongoni mwa haki za msingi, na makabaila walikuwa na mawakili. Bihar ilipotunga sheria yake, Maharaja wa Darbhanga, Kameshwar Singh, alikwenda Mahakama Kuu ya Patna akashinda, Machi 1951. Sheria ile iliwapa wenye mashamba makubwa fidia ya kiwango cha chini kuliko wenye madogo, nao majaji wakaona huo ni ubaguzi.

Waziri Mkuu Nehru hakungoja. Juni mwaka huohuo Katiba, ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja na nusu, ilirekebishwa na kuongezewa Jedwali la Tisa. Lilikuwa kapu la ajabu: sheria iliyotiwa humo haikuweza kubatilishwa kwa hoja kwamba inavunja haki za msingi. Zilianza sheria 13, zote za ardhi. Kapu likanoga, miaka ilivyokwenda zikapita 280, nyingine hazihusiani na shamba hata kidogo.

Huko vijijini mambo yalikwenda kombo. Majimbo mengi yalimruhusu mwenye ardhi kubaki na eneo analolima mwenyewe, basi ghafla makabaila ambao hawajawahi kushika jembe wakawa wakulima, na wapangaji wao wakatimuliwa. Wengine waliandikisha mashamba kwa majina ya ndugu na watumishi.

Kerala ilifanya kweli. Kuanzia tarehe 1 Januari 1970 upangaji wa mashamba ulifutwa, na hata aliyekuwa na kibanda tu katika shamba la mtu kijijini alipata haki ya kununua kwa bei nafuu senti 10 za ardhi, kama wanavyopima huko, yaani sehemu ya kumi ya ekari. West Bengal nayo, tangu 1978, iliwaandikisha wakulima wa kugawana mavuno wapatao milioni 1.4, wasiweze tena kufukuzwa ovyo.

Sheria ya Kerala ndiyo iliyoyagusa mashamba ya Edneer. Mkuu wa watawa, Kesavananda Bharati, alishtaki mwaka 1970. Majaji 13 wa Mahakama ya Juu walisikiliza kesi kwa siku 68, na tarehe 24 Aprili 1973 wakaamua, 7 dhidi ya 6: Bunge laweza kurekebisha ibara yoyote, hata ya mali, ila haliwezi kuuvunja muundo wa msingi wa Katiba. Serikali ya Waziri Mkuu Indira Gandhi ilikasirika, ikamteua A. N. Ray kuwa Jaji Mkuu kwa kuwaruka majaji watatu waliomzidi cheo. Wote watatu wakajiuzulu.

Mtawa mwenyewe hakupata alichokiendea. Mwaka 1978 Bunge liliiondoa mali katika orodha ya haki za msingi. Leo ni haki ya kisheria tu, chini ya ibara ya 300A.

Kesavananda alifariki Septemba 2020. Miezi minane baadaye, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitumia hoja ya muundo wa msingi kuuzuia mpango wa BBI wa kurekebisha Katiba ya Kenya. Machi 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema fundisho hilo halitumiki nchini humo, lakini BBI ikaanguka vilevile: rais hakuwa na mamlaka ya kuanzisha marekebisho kwa njia waliyowekewa wananchi.