Tofu na njugu: Majina yasitupotoshe mezani

Vijana wetu vyuoni, hasa wale walioamua kupunguza nyama na wale walioachishwa nyama na bei yake, huuliza swali moja mara kwa mara: kati ya tofu na njugu, kipi kina manufaa zaidi mwilini? Swali ni zuri, lakini majibu yanayotolewa aghalabu hupotosha, na upotofu wenyewe huanzia katika lugha kabla ya kufika jikoni. Ndiyo sababu mwanaisimu ameona si vibaya kubisha hodi katika uwanja wa wataalamu wa lishe.

Tuanze na majina. Kiingereza kina neno moja linalotia karanga, korosho, lozi na makadamia katika kapu moja. Kiswahili hakikulihitaji kapu hilo, kwa kuwa kila kimoja kina jina lake. Hata hivyo, watafsiri wetu wanapokumbana na neno hilo hukimbilia "njugu", na papo hapo msomaji wa Kenya huiona karanga akilini, maana kwetu njugu ni karanga, ila pale zinapotajwa njugu mawe. Alhasili, karanga husifiwa kwa sifa za lozi na kulaumiwa kwa makosa ya makadamia. Ilhali karanga na njugu mawe ni jamii ya kunde, ndugu wa maharagwe, na maganda yake hukomaa ardhini; korosho, lozi na makadamia hutoka mtini. Tofu nayo hutokana na soya, ambayo pia ni jamii ya kunde. Neno lenyewe limetufikia kupitia Kijapani kutoka Kichina, na katika Kichina silabi yake ya kwanza ina maana ya maharagwe. Basi anayepambanisha tofu na karanga anapambanisha mabinamu.

Upotofu wa pili umo katika mizani. Mwanafunzi hufungua jedwali la lishe akasoma kwamba gramu 100 za karanga zina takriban gramu 26 za protini, na tofu ngumu ya uzito huohuo ina gramu 17 hivi. Tofu laini haizidi sana 8. Hapo huamua kwamba karanga imeshinda. Lakini tofu hutengenezwa kwa kuloweka soya, kuisaga, kuichemsha, kuichuja ili kupata maziwa yake, kisha kuyagandisha maziwa hayo kwa chumvi ya kalsiamu au ya magnesi na kuyakamua. Hata baada ya kukamuliwa, tofu ngumu hubaki na maji yanayokaribia asilimia 70. Kuilinganisha na karanga kavu ni sawa na kupima unga na uji kwa mizani moja, kisha kuusuta uji kwa wepesi wake. Tukilinganisha kavu kwa kavu, soya ina takriban gramu 36 za protini katika kila gramu 100, nayo huiacha karanga nyuma.

Mizani ya haki zaidi ni ile ya nguvu, yaani kalori. Gramu 100 za tofu ngumu hutoa kalori 144 hivi. Karanga za uzito huo hutoa zaidi ya 560, kwa kuwa karibu nusu yake ni mafuta. Anayetaka gramu 17 za protini atazipata kwa kalori hizo 144 za tofu, au kwa gramu 66 za karanga zenye kalori zipatazo 370. Akizitafuta katika makadamia, itambidi ale zaidi ya gramu 200 na kumeza kalori zisizopungua 1,500! Je, karanga na makadamia ni kitu kimoja kwa sababu tu neno moja la kigeni limezifunika?

Hata hivyo, wingi wa kalori si dhambi. Kwa mtu mzima anayeketi ofisini kutwa, huenda ukawa mzigo. Kwa mtoto aliyedhoofika ni uhai. Chakula cha tiba kinachopewa watoto wenye utapiamlo mkali hutengenezwa kwa karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, kwa sababu kijiko kimoja hubeba nguvu nyingi. Isitoshe, mafuta ya karanga kwa sehemu kubwa ni yale yasiyodhuru moyo, nazo zina nyuzinyuzi nyingi kuliko tofu. Tofu iliyogandishwa kwa kalsiamu, kwa upande wake, huizidi karanga mara kadhaa kwa madini hayo ya mifupa. Wala tusisahau kwamba zote mbili hazina vitamini B12, na asiyekula nyama, mayai wala maziwa yampasa kuitafuta kwingine.

Jambo zito zaidi kwa wanafunzi wetu ni kile kinachoandamana na chakula hicho sahanini. Wengi wao hula mahindi kutwa, na protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Karanga nazo hazina lisini nyingi, kwa hivyo ugali na karanga havikamilishani ipasavyo. Soya ina lisini ya kutosha, maharagwe vilevile. Kwa maneno mengine, githeri ya bibi zetu ililitatua tatizo hili kabla ya tofu kufika katika maduka ya Nairobi. Mwanafunzi asiyeweza kununua tofu hajanyimwa kitu ambacho sahani ya githeri haiwezi kumkaribishia.

Karanga zina hatari yake pia. Zisipokaushwa na kuhifadhiwa vyema huota kuvu wanaotoa sumu ya aflatoksini, sumu ileile ambayo mwaka wa 2004 iliwaua watu 125 katika sehemu za Ukambani na jirani zake waliokula mahindi yaliyoharibika. Kuzikaanga hakuiondoi yote. Karanga iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye uchungu na itupwe, hata mfuko uwe mtupu kiasi gani.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Karanga hutembezwa stendi kwa stendi katika vikaratasi, na kwa hili methali imeionea. Tofu nayo isitukuzwe kwa kuwa imekaa kwenye jokofu la duka kubwa. Walimu wenzangu, tuwazoeze wanafunzi kuuliza maswali matatu kabla ya kukisifu chakula chochote: kina maji kiasi gani, kina nguvu kiasi gani, na kinaliwa na nini? Anayeyajua majibu hayo hataulizia tena mshindi. Atajua ale nini, na kwa nini.