Bodi ya Mbali, Rafu ya Karibu: Uendeshaji wa Maktaba ya Umma Gusii

Maktaba ya umma, yaani maktaba inayogharimiwa na fedha za wananchi na kufunguliwa kwa mtu yeyote bila kujali umri, dini, kabila wala kiwango chake cha elimu, hutazamwa na wengi kama jengo lenye rafu, meza na mkutubi anayesisitiza utulivu. Hata hivyo, mambo yanayoamua iwapo jengo hilo litafunguliwa Jumamosi, iwapo paa lake litazibwa kabla ya mvua za masika, na iwapo kitabu kilichoagizwa kitafika rafuni mwaka huu au mwaka ujao, huamuliwa katika chumba kingine kabisa, na watu ambao msomaji hawajui kwa sura wala kwa jina. Watu hao ni wajumbe wa bodi, na kwa muda mrefu bodi iliyosimamia vitabu vya mji wa Kisii ilikuwa ikikutana Nairobi.

Hali hiyo ina historia yake. Mombasa ilikuwa na maktaba ya umma ya Seif bin Salim tangu 1903, na Nairobi ikapata maktaba ya ukumbusho ya McMillan mwaka 1931, ambayo awali ilihudumia Wazungu pekee. Lakini nyanda za juu za Gusii, uliko mji wa Kisii, hazikuwa na kitu cha namna hiyo, kama sehemu nyingi za bara. Shirika la Fasihi la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilijaribu kuziba pengo hilo kwa kusambaza masanduku ya vitabu na kuazimisha vitabu kwa njia ya posta, na mwaka 1960 mtaalamu wake wa maktaba, Sidney Hockey, aliandika mapendekezo kwamba kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na mfumo mmoja wa kitaifa wa maktaba chini ya bodi iliyoundwa kwa sheria. Kenya ilifuata ushauri huo upesi: Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba za Kitaifa, ambayo ni Sura ya 225 ya sheria za nchi, ilipitishwa mwaka 1965, na shirika linalofahamika na wengi kwa herufi KNLS likaanza kazi miaka miwili baadaye. Kutoka hapo matawi yakaenea mikoani na wilayani, na Kisii ikawa miongoni mwa miji iliyopata tawi.

Sheria hiyo iliipa bodi majukumu mapana: kuanzisha, kutunza na kuendeleza maktaba, kuishauri serikali, kusaidia kampeni za kufuta ujinga, kuchochea hamu ya kusoma, na hata kuchapisha orodha rasmi ya vitabu vyote vinavyotolewa nchini. Namna ya kuendesha vikao, kwa upande mwingine, inatokana na Sheria ya Mashirika ya Serikali, Sura ya 446, inayotaka bodi ya shirika la umma ikutane angalau mara nne katika kila mwaka wa fedha, na kwamba isipite miezi minne kati ya mkutano mmoja na mwingine. Msomaji anayedhani kuwa wajumbe hukaa wakijadili riwaya na mashairi atashangaa kuona ajenda zenyewe, kwa kuwa kikao cha kawaida huanza kwa kuhakikisha kwamba akidi imetimia, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaohitajika ili uamuzi uwe halali; kisha husomwa na kuthibitishwa kumbukumbu za mkutano uliopita, hujadiliwa yatokanayo na kumbukumbu hizo, hupokewa ripoti za kamati za fedha, ukaguzi na wafanyakazi, na mwishowe hufikiwa yale mengineyo, ambayo mara nyingi huwa ndiyo yenye moto.

Kanuni inayolinda utaratibu huo wote ni kwamba bodi hutunga sera na kusimamia fedha, ilhali mkurugenzi na wakutubi hutekeleza. Bodi inaweza kuamua kwamba watoto waingie bure, lakini si kazi ya mjumbe kupiga simu tawini akiagiza mtoto fulani asidaiwe faini. Vivyo hivyo, mkutubi anaweza kuchagua vitabu vya kununua, lakini hawezi kuamua mwenyewe kwamba fedha za vitabu zitumike kununua pampu ya maji, hata kama maji ndiyo yaliyokosekana wiki hiyo.

Chini ya bodi hiyo ya Nairobi, mkutubi wa tawi katika mji kama Kisii aliandaa ripoti iliyoonyesha wasomaji wangapi wameingia, wangapi wamejiandikisha kuwa wanachama, vitabu vingapi vimeazimwa, vingapi havijarejeshwa, na nini kimeharibika. Kipengele hicho cha mwisho si kidogo katika nchi ya Wagusii, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na inayonyeshewa karibu mwaka mzima, mara nyingi kwa ngurumo za alasiri zinazoweza kushusha hata mvua ya mawe. Unyevu huingia katika karatasi, ukungu huota kwenye gundi ya jalada, na kitabu kilichogusana na ukuta baridi huanza kutoa harufu kabla hakijaonyesha doa. Ombi la kuziba paa lililosafiri kutoka tawini hadi makao makuu, likasubiri kikao cha kamati ya fedha, likapitishwa na bodi, kisha likatangaziwa zabuni, liliweza kufikia utekelezaji baada ya msimu mmoja wa mvua kupita na mwingine kuanza, bila hata mtu mmoja katika mnyororo huo kuwa amezembea.

Kitabu kipya nacho kina safari yake. Kikishafika tawini, hulinganishwa na hati ya ununuzi, kikaandikishwa katika daftari la vitabu na kupewa namba isiyofanana na ya kitabu kingine chochote, kikapigwa muhuri wa maktaba katika kurasa kadhaa, kikabandikwa karatasi ya tarehe za kurejesha, na hatimaye kikapewa alama ya mgongoni inayoonyesha mahali pake rafuni. Alama hiyo hutokana na mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, ambao hugawa maarifa yote katika makundi 10 na kuyagawa tena kwa tarakimu: historia ya Kenya huangukia 967.62, na fasihi ya Kiswahili 896.392. Ukiitazama vyema namba hiyo ya pili, utaona dosari ambayo wakutubi wa Afrika wameilalamikia kwa miaka mingi, kwamba fasihi ya Kiingereza imepewa kundi zima la 820 huku lugha za Afrika zikisongamana ndani ya 896, kiasi kwamba mgongo mwembamba wa kitabu cha hadithi za Kiswahili hubeba namba ndefu kuliko tamthilia yoyote ya Shakespeare.

Kutoa kitabu rafuni ni kugumu kuliko kukiingiza, na hapa ndipo mwananchi huilaumu maktaba bila kujua kinachoendelea. Kila maktaba hai hupaswa kupunguza vitabu vyake mara kwa mara, ikiondoa vilivyochanika, vilivyopitwa na wakati na vile ambavyo mtaala wake umefutwa. Tangu Kenya ianze mtaala wa umilisi, rafu nyingi za vitabu vya shule zimejaa vitabu vya mfumo uliotangulia wa 8-4-4 ambavyo mwanafunzi wa mtaala mpya hana kazi navyo. Lakini kitabu cha maktaba ya umma ni mali ya umma, sawa na gari au kiti, na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka kamati maalumu iketi, ikague mali iliyochakaa, na ipendekeze iwapo ihamishiwe taasisi nyingine ya umma, iuzwe kwa zabuni au mnada, au iharibiwe. Nia ya sheria ni njema, kwani inazuia wajanja kujigawia mali ya serikali. Matokeo yake katika maktaba ndogo ni kwamba mkutubi, akipima usumbufu wa kuitisha kamati kwa ajili ya kamusi zilizoraruka, huziacha pale pale zilipo, na rafu ikaonekana imejaa ilhali haina cha kusomwa.

Upatikanaji wa vitabu vipya umebanwa pia na bei, hasa baada ya Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 kuweka kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu. Kwa sababu hiyo maktaba za Kenya zimetegemea sana misaada, na mfadhili wa muda mrefu amekuwa Book Aid International, shirika lenye makao yake London lililoanzishwa mwaka 1954. Msaada huo ni wa thamani, na vitabu vya udaktari, uhandisi na hadithi za watoto vinavyoletwa huwa vipya na imara. Hata hivyo, sanduku kutoka London haliwezi kuleta kitabu cha Ekegusii, lugha ya Wagusii, wala diwani ya Kiswahili iliyochapishwa Nairobi, na bodi isiyotenga fungu lake yenyewe kwa vitabu vya nyumbani huwa, bila kukusudia, imemwachia mfadhili kazi ya kuamua Wagusii wasome nini.

Ni haki kuongeza kwamba wengi wa wanaoingia maktaba ya umma nchini Kenya hawaendi kuazima vitabu. Ni wanafunzi wa sekondari na wa vyuo, pamoja na watahiniwa wanaorudia mitihani, wanaobeba daftari zao wenyewe na kutafuta kiti, mwanga, kimya na siku hizi intaneti, vitu ambavyo ni adimu katika nyumba zenye watu wengi. Kaunti ya Kisii ilikuwa na wakazi 1,266,860 katika sensa ya mwaka 2019, zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba, na kaunti jirani ya Nyamira 605,576. Katika mazingira kama hayo, kiti kimoja cha ziada kina faida ya haraka kuliko vitabu 50 vya ziada. Bodi inayopima mafanikio kwa idadi ya vitabu vilivyoazimwa pekee itaiona maktaba yake imelala, hali wasomaji wanapigania nafasi mlangoni kabla ya saa tatu asubuhi.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha msingi wa mambo haya yote. Jedwali la Nne la Katiba liliziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, katika orodha moja na makumbusho, michezo na kumbi za sinema, wakati Sheria ya 1965 ilikuwa imeandikwa kwa nchi yenye serikali moja. Kaunti zilianza kazi mwaka 2013, lakini kukabidhiwa kwa majengo, vitabu na wafanyakazi kulikokota kwa miaka, kwa kuwa mfanyakazi hahami kama meza, anahama na mshahara wake na pensheni yake.

Katika kaunti, kwa kawaida maktaba haina bodi ila ina fungu ndani ya bajeti ya idara, na fungu hilo hufuata kalenda ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012: mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, makadirio kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Wananchi wana haki ya kusikilizwa kabla ya makadirio kupitishwa. Mzazi wa Suneka kule Kisii au wa Ekerenyo kule Nyamira anayetaka maktaba ifungwe saa mbili usiku badala ya saa kumi na moja jioni angefaulu zaidi kwa kuhudhuria kikao hicho cha umma kuliko kwa kumnung'unikia mkutubi, ingawa katika vikao hivyo barabara, maji na dawa za hospitali huzungumzwa kwanza, na maktaba hutajwa wakati watu wameanza kuchukua miavuli yao.

Hapo ndipo faida ya bodi ya karibu inapoonekana. Katika miji midogo ya Marekani, maktaba huwa na bodi ya wakazi wa mji wenyewe, ambao hukutana jioni, aghalabu kila mwezi, na ambao huulizwa sokoni kwa nini mlango ulikuwa umefungwa. Bodi kama hizo hazihitaji kuwa za miji mikubwa ili zifanye jambo kubwa: programu ya Koha, ambayo leo inatumiwa kupanga katalogi na kuazimisha vitabu katika maktaba nyingi duniani, zikiwemo za Kenya, ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, wilaya ndogo ya New Zealand, zilizoanza kuitumia mwaka 2000 kwa sababu mfumo wao wa zamani ulikuwa umechakaa. Kenya nayo haikukosa mbegu ya jambo hili, kwani KNLS ilijenga baadhi ya matawi yake kwa makubaliano na jamii, wenyeji wakitoa kiwanja na jengo, shirika likitoa vitabu na wafanyakazi, huku kamati ya wenyeji ikishauri. Upungufu wa kamati hizo ulikuwa katika neno hilo la kushauri. Kamati isiyo na fedha ya kuidhinisha, hata kama ni ya kununua balbu na kuziba paa, hudumu mradi wajumbe wana uvumilivu.

Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inaruhusu manispaa kuwa na bodi yake, na Kisii na Nyamira zote mbili zina manispaa. Kuiweka maktaba chini ya usimamizi wa karibu namna hiyo, ikiwa na fungu dogo inaloruhusiwa kulitumia bila kusubiri idara, kungekuwa hatua ya kawaida ya kiutawala isiyohitaji mapinduzi yoyote. Swali gumu zaidi ni Keroka, mji wa soko uliokaa juu ya mpaka, upande mmoja Kisii na upande mwingine Nyamira, ambao kaunti hizo mbili zimeshawahi kuvutania ushuru wake. Wanafunzi wa Keroka hawaulizi mpaka unapita wapi wanapotafuta kiti cha kusomea, na Ibara ya 189 ya Katiba inaziruhusu serikali kuunda kamati na mamlaka za pamoja kutekeleza kazi zao. Kwa hiyo maktaba moja ya Keroka, yenye bodi moja ya wajumbe kutoka pande zote mbili na bajeti inayochangiwa na kaunti zote mbili, inawezekana kisheria hata kabla ya mgogoro wa ushuru kutatuliwa, na ingehitaji kwanza mtu wa kuiandika katika ajenda.