Bonde, Chanzo na Kidakio: Istilahi za Hifadhi ya Maji katika Mipango ya Halmashauri

Halmashauri za wilaya na za vijiji zina mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi na kutunga sheria ndogo za kulinda maji. Maandishi ya kazi hiyo hupitia mikononi mwa wataalamu, watumishi wa serikali na wafasiri kabla ya kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Ikiwa neno moja lina maana moja ofisini na nyingine kijijini, mpango unaweza kukubaliwa na wote na usilinde kitu. Katika makala haya tunakusudia kueleza maneno matatu ya namna hiyo.

Tuanze na neno bonde. Kwa mzungumzaji wa kawaida, bonde ni ardhi ya chini iliyo kati ya milima au vilima. Katika utawala wa maji neno hili limepewa maana pana zaidi: ni eneo lote ambalo maji yake huelekea katika mto mmoja, ziwa moja au mfumo mmoja wa mito. Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde 9 ya aina hiyo. Bonde la Pangani, kwa mfano, huanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Maji yake hupitia mito ya Kikuletwa na Ruvu, yakakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yakashuka hadi Bahari ya Hindi. Mkulima wa mlimani akisomewa kuwa wakazi wa bonde watatunza kingo za mito, ana haki ya kudhani kuwa wanaoambiwa ni watu wa chini. Neno halikukosewa, ila msikilizaji hakuelezwa kuwa kilele cha mlima nacho kimo bondeni.

Neno la pili ni chanzo. Limetokana na kitenzi kuanza, na maana yake ya asili ni mahali jambo linapoanzia. Hata hivyo, katika taarifa za halmashauri, chanzo cha maji ni mahali popote maji yanapochotwa: chemchemi, mto, lambo au kisima kirefu. Matokeo yake ni kwamba kulinda chanzo hufahamika kuwa ni kuzungushia uzio pampu. Lakini maji ya kisima hayakuanzia kisimani.

Mfano mzuri ni Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, ambako visima virefu vimeulisha mji huo kwa miongo mingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia vipimo vya miaka 55, ulionyesha kuwa maji ya ardhini ya mahali hapo hujazwa hasa na mvua kubwa za misimu michache, kama zile za El Nino za mwaka 1997 na 1998. Mvua hizo zinapokuja, njia mojawapo muhimu ya maji kuzama ni vitanda vya mchanga vya mito ya msimu, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mikavu.

Hapa ndipo suala la lugha linapogusa sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kiliweka kipimo cha mita 60 kutoka kingo za mito, fukwe na mabwawa, ambamo shughuli za kudumu za binadamu zimekatazwa. Je, mto mkavu ni mto? Wananchi wengi huuita korongo. Sheria ndogo inayotaja mito peke yake huweza kusomwa na mwenye kiwanja kana kwamba korongo lake halimo. Nyumba zikijengwa humo na mchanga ukachotwa, hasara haitaonekana mwaka huo wala mwaka unaofuata; itaonekana visima vitakapokosa kujazwa.

Ndiyo maana neno la tatu, kidakio, lina thamani. Kudaka ni kukamata kitu kinachoanguka kabla hakijafika chini. Kidakio ni ardhi inayoipokea mvua na kuyakusanya maji yake kuelekea mahali pamoja. Bonde moja huwa na vidakio vingi, na kidakio huweza kupita mipaka ya vijiji au wilaya mbili. Neno hili humwelekeza msikilizaji kutazama ardhi ya juu, yaani mahali maji yanapotoka.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila sheria ndogo ya maji itoe fasili ya bonde, chanzo na kidakio katika kifungu chake cha mwanzo. Pili, mito ya msimu na makorongo yatajwe waziwazi, pamoja na majina yake ya mahali. Tatu, pale panapohusu visima, pawepo maneno eneo la kujazia maji ya ardhini, ili uzio wa pampu usidhaniwe kuwa ndio hifadhi yote.

Walimu na watumishi walio wilayani wanayajua majina ambayo wananchi huyatumia kwa mito mikavu, chemchemi na ardhi oevu. Wakituletea majina hayo pamoja na maelezo ya matumizi yake, kazi ya kusanifisha istilahi hizi itakuwa na msingi ulio imara zaidi.