Maumivu Sugu: Tuliza kwa Mazoezi Yenye Mwongozo, Si kwa Vidonge vya Njiani



Huenda mkastaajabu polisi kuandika habari za kiuno. Sababu ni kwamba maumivu hayo tunakutana nayo barabarani. Mwendesha bodaboda aliyemeza vidonge vikali ili amalize siku yake huweza kusinzia akiwa na abiria mgongoni. Askari wetu nao, wanaosimama vizuizini kwa saa nyingi, hulalamikia migongo na magoti. Tunayoyaeleza hapa, basi, yanatuhusu sote.

Kazi za mpakani ni kazi za mgongo. Jina la bodaboda lenyewe husimuliwa kuwa lilizaliwa mpakani hapa, kwa waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo kati ya vituo vya Uganda na Kenya. Hadi leo wachukuzi hubeba mifuko ya saruji ya kilo 50, na wakulima huinamia jembe tangu alfajiri.

Maumivu yanayozidi miezi 3 huitwa sugu. Mara nyingi jeraha la mwanzo huwa limekwisha kupona, lakini mishipa ya fahamu haijatulia. Hufanana na mbwa mlinzi anayembwekea hata mwenye nyumba. Maumivu hayo ni ya kweli, wala mgonjwa hajisingizii. Hata hivyo, kuumwa si lazima kumaanishe kwamba mwili unazidi kuharibika. Asiyelijua hilo huogopa kujongea, misuli yake hulegea, na siku anapolazimika kuinama huumia zaidi.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Desemba 2023 Shirika hilo lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Miongoni mwa yanayopendekezwa ni mazoezi yenye utaratibu pamoja na elimu kwa mgonjwa. Mikanda ya kiuno haikupendekezwa, wala dawa za jamii ya afyuni.

Mwenye ujuzi wa mazoezi hayo ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Yeye haanzi kwa kukandakanda. Kwanza huuliza: unafanya kazi gani, unalalaje, maumivu huzidi wakati gani, nawe unatamani kurudia shughuli ipi? Kisha hukutazama ukiinama, ukiinuka na ukitembea, ndipo akupangie mazoezi yanayolingana na kazi yako. Mchukuzi hufundishwa kuimarisha mapaja na kuushikilia mzigo karibu na mwili. Mwendesha pikipiki hushauriwa kushuka mara kwa mara na kujinyoosha.

Siri ya mpango huo ni kipimo. Wengi wetu siku ya nafuu hulima shamba zima, kisha hulala siku tatu kwa maumivu. Mtaalamu huvunja mtindo huo: ukiweza kutembea dakika 10 bila kuzidiwa, anza na hizo kila siku, uongeze kidogo baada ya siku kadhaa. Haba na haba hujaza kibaba. Kuumwa kidogo mwanzoni ni jambo la kawaida. Maumivu yakizidi na kuendelea hadi kesho yake, mweleze apunguze kipimo. Matokeo huhitaji majuma kadhaa, basi usikate tamaa mapema.

Zipo dalili zisizongoja mazoezi. Nenda hospitali bila kukawia ukipata ganzi sehemu za siri, ukishindwa kuzuia haja, miguu ikilegea ghafla, au maumivu yakifuata ajali. Homa, jasho la usiku na kukonda pia vichunguzwe mapema, kwani kifua kikuu huweza kuushika uti wa mgongo.

Kuhusu dawa, tunasema waziwazi. Tramadoli hutolewa kwa cheti cha daktari. Huleta usingizi na uraibu, na ikichanganywa na pombe huweza kuzuia pumzi. Hata vidonge vya kawaida vya maumivu, vikimezwa ovyo kwa muda mrefu, hudhuru tumbo na figo. Wanaouza dawa hizo sokoni au kuzivusha kwa njia za panya wanavunja sheria. Tunaomba mtupe taarifa. Aliyekwisha kuzizoea asiziache ghafla, bali amwone mganga wa hospitali. Aombaye msaada si mhalifu.

Anzeni katika kituo cha afya kilicho karibu, mwombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa viungo katika hospitali kubwa. Mna haki ya kumwuliza kama amesajiliwa: Uganda, na Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi, Kenya, na Baraza la Wataalamu wa Fiziotherapia. Nanyi viongozi wa vituo vya bodaboda, tunawasihi mtenge dakika chache kila asubuhi wanachama wajinyooshe kabla ya safari ya kwanza. Usalama wa abiria huanzia katika mwili wa anayemwendesha.